Naomba ushauri: lavubadi wangu ameanza kuuma ovyo

Ndugu wafugaji wa ndege, naomba mnisaidie. Nina lavubadi (lovebird, aina ya kasuku mdogo) jike, wale wenye uso wa rangi ya pichi, ninaishi naye kwenye nyumba ya kupanga huku Umoja, Nairobi. Zamani alikuwa akipanda begani na kula mtama kiganjani. Siku hizi nikiingiza tu mkono tunduni kubadilisha maji, ananirukia na kuuma hadi damu itoke. Akiwa nje ya tundu ni mpole kabisa, na hilo ndilo linalonichanganya.

Nimeona anachana magazeti vipande virefu na kuvichomeka kwenye manyoya ya kiunoni. Majike wa aina hii hufanya hivyo wakitaka kujenga kiota, kwa hiyo nashuku analinda makao yake, si kwamba ananichukia. Nimeshamwondolea kikapu alichokuwa akijifichia, na jioni namfunika tundu kwa leso mapema apate giza kwa muda wa saa 12, ingawa matatu za hapa nje hazijui usiku ni nini.

Wengine wananiambia nimgonge mdomo kwa kidole. Hilo sitaki, ataishia kuogopa mkono tu.

Je, hali hii hupita yenyewe? Nimzoeshe kwanza kupanda kijiti badala ya kidole? Jirani anasisitiza nimtafutie dume, lakini nahofia mayai yatamzidishia ukali. Na anayemjua daktari wa mifugo hapa Nairobi anayetibu ndege wa nyumbani, si kuku pekee, tafadhali anielekeze.