Pampu ya joto kwenye gari la umeme: ni ya kupoza au ya kupasha?

Abiria_wa_Mbele:
Wakuu, nasita kati ya magari mawili ya umeme. Moja lina pampu ya joto na bei yake imepanda kwa sababu hiyo, lingine halina. Muuzaji anadai pampu ndiyo inayokipa kiyoyozi nguvu. Sasa kitu kinaitwa pampu ya joto, kinapozaje? Na lile lisilo nayo linapata wapi ubaridi?

Fundi_wa_Gesi:
Mkuu, muuzaji kakuchanganya. Yote mawili yana kompresa ya umeme na yote yatapoza. Kiyoyozi chochote ni pampu ya joto ya njia moja: gesi inachemka ndani ya evapoleta (radieta ndogo ya ndani ya gari), inanyonya joto la ndani, kompresa inaikandamiza, joto linatemwa kwenye kondensa, ile radieta ya mbele. Unachoongezewa ni valvu na mabomba ya kugeuza safari hiyo, joto la nje liingie ndani.

Utauliza nje penye baridi kuna joto gani. Lipo. Gesi ya viyoyozi vya magari iitwayo R134a, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, huchemka kwenye nyuzi -26 hivi, na R1234yf karibu -30. Hewa ya nyuzi 0 inatosha kabisa kuichemsha.

Injini ya mafuta hupoteza joto jingi, hita inajiokotea bure. Mota ya umeme haina ziada kama hiyo. Bila pampu, hita ya umeme inakula kilowati 1 ya betri na kukurudishia kilowati 1 ya joto. Pampu, kwenye baridi ya wastani, inakupa 2 hadi 3. Baridi ikiwa kali faida inapungua, na kondensa, ambayo sasa ndiyo inayonyonya joto la nje, inaweza kuganda barafu, kwa hiyo mengi yana hita ya akiba.

Kama unaendesha kwenye joto mwaka mzima, pesa hiyo mimi nisingeitoa.

Mdau_Kimya:
Fundi, na betri je? Si inapozwa na gesi hiyo hiyo?

Fundi_wa_Gesi:
Mengi ndiyo. Gesi inapita kwenye chila, kifaa ambamo inapoza maji ya kulenti, nayo yanazunguka kwenye betri. Ndiyo maana ukichaji kwa kasi juani unasikia kompresa ikinguruma na gari limesimama. Tesla Model Y ya 2020 ilikwenda mbali zaidi: valvu moja ya kulenti yenye milango 8 inaunganisha betri, mota na pampu, hadi joto la mota linatumika kupasha abiria.

Lakini pampu haimaanishi betri inapozwa. Nissan Leaf ilianza kuwekewa pampu kwenye baadhi ya matoleo ya 2013, na bado vizazi vyake viwili vya kwanza betri haikuwa na kupozwa kwa maji. Kwenye joto, hilo ndilo la kumbana nalo muuzaji.

Abiria_wa_Mbele:
Asante sana fundi. Na kujaza gesi, fundi yeyote wa viyoyozi anaweza?

Fundi_wa_Gesi:
Muulize kwanza anatumia oili gani. Kompresa hizi zina mota ya volti nyingi ndani, oili inazunguka pamoja na gesi humo humo. Nyingi zinataka oili aina ya POE, isiyopitisha umeme. Akikuingizia PAG, oili ya kiyoyozi cha gari la kawaida, hata mabaki ya kwenye mashine yake, umeme unaweza kuvuja na gari likagoma kuwaka. Akisema oili zote ni sawa, washa gari uondoke.