Mjadala: Vita vya ng'ambo vipewe kipindi cha kila wiki kwenye redio zetu za Kigoma, au tukae kimya?

Mwana wa Kasulu (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Tangu Goma, mashariki mwa Kongo, iangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu kufuata Februari, kuna swali linazunguka vijiweni Mwanga na kwenye maboti ya Kibirizi. Naona bora tulijadili wazi.

Redio ninazozisikiliza huku mkoani zina ratiba iliyojaa: magazeti asubuhi, salamu, uchambuzi wa Simba na Yanga, bongofleva mchana, mahubiri Jumapili. Vita vya ng'ambo ya ziwa havina hata nusu saa, na wafanyabiashara wetu wa vitenge na mawese wanavuka kila wiki. Kazi hiyo imeachiwa WhatsApp. Unapokea sauti ya mtu analia kwa Kiswahili cha Kongo, imeshapita simu za watu mia, hujui ni ya leo au ya mwaka juzi, ya Uvira au ya Beni.

Hoja yangu: kila redio ya huku iwe na kipindi kimoja cha kila wiki kuhusu hali ya ng'ambo, pamoja na bandari ipi iko wazi na maboti yanapita wapi. Siku haibadiliki, saa haibadiliki, mtangazaji anajitaja jina. Sisemi taarifa za vita kila baada ya saa moja. Hizo ndizo zinazotia watu kiwewe. Nasema kipindi, chenye nafasi yake kama michezo ilivyo na yake.

Waingereza walilijua hili. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wasomaji wa habari wa BBC hawakuwa wakijitaja. Mwaka 1940, Ujerumani ikitishia kuvuka bahari, wakaanza kusema majina yao kwenye taarifa, ili msikilizaji azoee sauti zao na siku adui akileta habari za uongo aishtukie sauti ngeni. Wala hawakugeuza redio kuwa matanga. Ufaransa ilitia sahihi kusimamisha vita na Hitler tarehe 22 Juni 1940. Kesho yake BBC ikaanzisha Music While You Work, muziki wa kuwachangamsha watu wa viwandani. Na Tommy Handley na vichekesho vyake, ITMA, miaka ya mwisho ya vita alikuwa na siku yake, Alhamisi jioni, na mamilioni walimsubiri. Mabomu yalianguka, Alhamisi ikabaki Alhamisi.

Sasa mfano wa nyumbani. Mei 2015, siku za lile jaribio la mapinduzi la Bujumbura, redio binafsi za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilivamiwa na kuharibiwa. Nchi iliyozoea kuamka na redio ikabaki na uvumi. Kagunga, kijiji chetu kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kikafurika makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi. Kipindupindu kikaingia, na wasiopungua 30 wakafa mwezi ule. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu. Mtu aliyelala ufukweni pale alihitaji kujua meli inakuja lini na maji ya kunywa anayapata wapi. Nani alipaswa kumwambia?

Karibuni mnipinge.

Mtumbwi wa Kibirizi

Naunga mkono hoja. Sisi tunavuka na mizigo. Juzi watu waliacha safari kwa sababu ya sauti moja ya WhatsApp, kumbe bandari ilikuwa shwari, na wengine wiki iliyofuata wakaenda wakakuta mambo magumu. Ila mleta mada, hicho kipindi kisiwe cha wachambuzi wa Dar wanaoijua bandari ya Kalemie kwenye ramani tu.

Mstaafu wa Gungu

Kijana, umeanza vizuri ukaishia pabaya. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, 1978 nilikuwa kazini.

Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 1 Novemba Radio Uganda ikajitapa kwamba nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera imekuwa ya Uganda. Kesho yake Mwalimu akazungumza, na kila mtu wa rika langu anakumbuka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Kuanzia hapo Redio Tanzania ilikuwa na kazi mbili, kutia watu moyo na kufunga mdomo. Nduli alitukanwa asubuhi, mchana na jioni. Lakini hukusikia brigedi gani iko wapi, wala daraja gani linajengwa. Aliyetaka kujua tumefika wapi alisubiri mpaka tarehe 11 Aprili 1979, Radio Uganda ile ile iliyojitapa ilipomrusha hewani Oyite-Ojok, Mganda aliyepigana upande wetu, akitangaza kwamba utawala wa Amin umeanguka. Hiyo ndiyo redio ya vita ninayoijua mimi.

Hata hao Waingereza wako umewasimulia nusu. Vita vilipoanza walifuta utabiri wa hali ya hewa redioni, maana rubani wa adui naye ana masikio. Mvuvi wao hakuambiwa kama kuna dhoruba. Kwa nini? Kwa sababu taarifa yenye faida kwako ina faida kwa adui pia. Sasa wewe unataka kila wiki, saa ile ile, tutangaze maboti yanapita wapi na bandari gani iko wazi. Mawimbi ya redio hayaoneshi pasipoti ziwani. Unadhani anayesikiliza ni mama lishe wa Mwanga peke yake?

Na Mei 2015 umesahau kuitaja Rema FM, ya upande wa serikali. Nayo ilichomwa, na waandamanaji. Pande zote mbili zilikimbilia redio kabla ya kukimbilia kitu kingine. Jiulize ni kwa nini, halafu uniambie unataka kuiweka redio yetu kwenye ugomvi huo.

Shangazi wa Ujiji

Shikamoo mzee. Heshima yako ipo, na nchi hii inawadai asante. Lakini huo mdomo uliofungwa ulikuwa na upande wa pili majumbani, na wanaume mnaposimulia vita mnauruka. Mama yangu alikuwa na mdogo wake huko mstari wa mbele. Kila usiku saa mbili, ngoma za taarifa ya habari zikilia, nyumba nzima inanyamaza. Taarifa inakwisha, Mazungumzo Baada ya Habari yanakwisha, na hajui kama mdogo wake mzima au kafa. Nduli ametukanwa vya kutosha, mama bado hajui. Mdogo wake alirudi, alhamdulillahi. Jirani yetu wake hakurudi.

Kwa hiyo mimi habari za nani kateka mji gani hazinihusu sana. Kama kipindi kipo, kiwe cha kutafuta ndugu. Mwaka 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipomiminika mpakani Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja tu, mama alikuwa upande huu na mtoto upande ule. BBC ikafungua matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi mwaka ule ule, na majina ya waliopotezana yakawa yanasomwa hewani. Mwaka uliofuata wale Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi wakaanzisha Radio Kwizera pale Ngara. Hiyo ndiyo redio ya vita ninayoijua mimi, mzee wangu.

Kijana Buzebazeba

Mkitoa kipindi cha michezo mkaweka vita tunaandamana 😂

Mwana wa Ulyankulu

Nawasoma kutoka Tabora. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, mimi nimezaliwa Ulyankulu, na ni miongoni mwa wale zaidi ya 160,000 tuliopewa uraia na nchi hii mwaka 2014. Naomba mnisikilize maana hoja ya mleta mada ina tundu ambalo mzee hakuligusa.

Anasema siku isiyobadilika, saa isiyobadilika, sauti inayojulikana kwa jina. Redio binafsi ya RTLM ya Kigali, Rwanda, ilikuwa na vyote hivyo. Ilianza Julai 1993, ikapiga muziki mzuri wa Kongo ambao redio ya serikali ilikuwa inaubania, watangazaji wakachekesha, wakapiga soga kama wako baa. Kantano Habimana alijulikana kwa jina. Valérie Bemeriki alijulikana kwa jina. Watu waliwapenda! Mauaji yalipoanza Aprili 1994, sauti zile zile zilizozoeleka ndizo zilizosoma majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya Arusha ya mauaji ya Rwanda ilipowatia hatiani waanzilishi wake wawili, Nahimana na Barayagwiza, Desemba 2003, ilikuwa inahukumu kitu kilichopendwa. Kwa hiyo usiniambie ratiba na jina la mtangazaji ni kinga. Pale vilikuwa chambo.

La pili linanihusu mimi mwenyewe. Siku kipindi chako kikianza kupokea simu hewani, simu ya tatu itakuwa ya mtu anayesema "hawa Warundi wa hapa". Nimeshalisikia kwenye daladala, sina hamu ya kulisikia kwenye spika ya duka langu.

Mwana wa Kasulu (mleta mada)

Dada wa Ulyankulu (kama ni kaka unisamehe), hapo umegonga penyewe, na nakujibu wewe kwanza.

Jina la mtangazaji linanisaidia kumjua mwongo, halimzuii kusema uongo. Kilichoua watu RTLM ilipokuwa hewani ni kutaja: huyu, nyumba ile, gari namba fulani. Basi kipindi ninachokitaka kinajengwa kwa makatazo kabla ya mada. Kinarekodiwa siku moja kabla, simu za hewani hakuna. Kabila la mtu halitajwi, la mpiganaji wala la mkimbizi. Raia hatajwi jina isipokuwa ndugu yake anamtafuta na kumbukumbu zake zimepitia kwa wanaoshughulikia wakimbizi. Na dakika tano za mwanzo kila wiki ni za kusahihisha yaliyokosewa wiki iliyopita, yakiwepo. RTLM haikuwa na dakika hizo tano. Kwa maoni yangu dakika hizo ndizo kipindi chenyewe, hayo mengine ni nyongeza.

Mzee wa Gungu, shikamoo. Mfano wako wa Kagera una nguvu, ila unategemea kitu ambacho hakipo tena. Mwaka 1978 huku bara Redio Tanzania ilikuwa peke yake. Ikinyamaza, nchi imenyamaza, labda mtu awe na redio ya kunasa BBC au Kampala. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, halafu zikaja simu. Leo redio ya Kigoma ikinyamaza hakuna siri inayotunzwa, nafasi inachukuliwa na yule anayelia WhatsApp. Na kumbuka ule ulikuwa ugomvi wetu, tulikuwa na jeshi la kulilinda. Huu wa sasa sisi ni majirani. Mvuvi wa Katonga hana brigedi ya kuificha.

Kuhusu kuingizwa kwenye ugomvi, tazameni Radio Okapi ya Kongo. Ilianza tarehe 25 Februari 2002, Kongo ikiwa bado imegawanyika vipande vipande kati ya serikali na makundi yenye silaha, na taarifa ya habari ikawa moja kwa pande zote, kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Nyuma yake ulikuwepo Umoja wa Mataifa, najua, sisi hatuna huo mgongo. Lakini wao walikuwa katikati ya moto. Sisi tuko ufukweni.

Shangazi, kutafuta ndugu nusu ya muda, nakubali bila ubishi.

Fundi wa Mwanga

Mnabishana maudhui, hamjauliza mawimbi. FM inataka njia nyeupe kati ya mnara na redio, ikikuta kilima inakatika. Safu ya milima ya Gombe iko katikati ya mji na vijiji vya kaskazini. Zamani masafa ya kati na masafa mafupi yalikuwa yanasafiri mbali, hasa usiku, ndiyo maana Redio Tanzania ilifika mtu asipofika. Hicho kipindi cha Kagunga mleta mada anachokilia, kwa FM ya mjini Kagunga wenyewe wanaweza wasikipate.

Dawa ipo na ni rahisi. Kwa kuwa kinarekodiwa, kitiwe kwenye memori kadi, kipande na boti za asubuhi. Kila boti ina spika.

Mtumbwi wa Kibirizi

Fundi kasema. Na saa msiweke jioni. Giza la mwezi likiingia wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao kuanzia jioni. Wekeni saa nne asubuhi, dagaa wako juani, watu wamekaa.

Shangazi wa Ujiji

Saa nne sokoni, nani anasikia kitu? Saa saba mchana.

Mstaafu wa Gungu

Hiyo ya kurekodi nimeipenda, na hoja ya redio kuwa moja zamani siwezi kuikataa. Lakini kuhusu bandari na njia za maboti bado napinga, na nitapinga nikiitwa popote. Semeni bei, semeni kipindupindu, someni majina ya waliopotezana hata saa nzima. Boti gani imetoka wapi na imepita wapi, hapana. Mleta mada, andika katazo hilo kwa maneno yako mwenyewe nilione hapa, ndipo niseme kama niko upande wako.