Naomba ushauri: vifaa vya kuanzia kwa baiskeli ya mbio

Hamjambo ndugu zangu. Wiki iliyopita nilinunua baiskeli yangu ya kwanza ya mbio, matairi membamba ya saizi 700x25. Naiendesha kwenda kazini, Kajjansi hadi Kampala, na natoka alfajiri kukiwa bado giza.

Kofia ngumu ninayo, hiyo niliinunua siku ileile. Shida ilianza Jumatano nilipopata pancha. Fundi wa kando ya barabara aliiziba vizuri, ila pampu yake ikakataa kushika: mdomo wa tyubu yangu ni ule mwembamba wenye kinati kidogo juu, Presta, si ule mnene kama wa gari. Nikaikokota baiskeli karibu saa nzima, malori yakinipita ubavuni.

Nimebakiwa na shilingi 250,000. Taa ya nyuma, pampu ndogo, tyubu ya akiba, kufuli, vyote navihitaji na najua hela hizo hazitatosha kuvinunua kwa mpigo.

Je, mngeanza na vipi? Na kile kiunganishi cha shaba kinachowezesha Presta kupokea pampu ya kawaida, kinajaza tairi jembamba likakaza sawasawa, au ni heri nitafute pampu yake kabisa? Nitashukuru sana.