Naomba ushauri: mikanda ya mawe ya kijani ilizaliwa namna gani?

Jambo wandugu na wakubwa wa jiolojia. Niko Bukavu, naandaa kazi ya mwisho ya lisansi, naomba munisaidie kuchagua njia.

Nimependa sana mikanda ya mawe ya kijani, yaani mistari mirefu ya mawe ya volkeno za zamani sana, kama ile za Kilo na Moto kule Ituri na Haut-Uele, kwenye dhahabu. Rangi hiyo inatoka kwa klorite, epidoti na aktinolite, madini yaliyoota basalti (jiwe jeusi la lava iliyoganda) ilipopashwa moto na kubanwa. Lava nyingi zilimwagika chini ya maji, zikaganda kama mito ya kulalia. Halafu kuna komatiiti, iliyotambuliwa Barberton, Afrika Kusini, mwaka 1969: lava ya karibu digrii 1,600, na basalti ya leo ni kama 1,200 tu. Dunia ya wakati ule ilikuwa na joto lingine kabisa!

Shida iko hapa. Wengine wanasema mabamba ya dunia yalisukumana na kuzamiana kama leo. Wengine wanasema hapana, granite nyepesi ilipanda wima kama kuba, lava nzito ikazama katikati. Upungufu wa niobi (metali moja adimu) ndani ya lava hizo unaitwa ushahidi wa bamba kuzama, lakini lava iliyoyeyusha gamba la zamani njiani inaacha alama ileile. Kwa hiyo siamini kemia peke yake.

Je, nianze na ramani na mikunjo ya mawe, ao isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti)? Na nani anajua pa kupata sampuli za kusoma bila kufika Watsa, kule upande wa Moto?