Mtwara na Cabo Delgado: ulinzi wa bahari unamtambua nahodha wa jahazi?

Mwana wa Mikindani:
Ndugu zangu, wazee wangu walipeleka bidhaa kwa jahazi hadi Palma na Mocímboa da Praia, miji ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na undugu wetu wa Kimakonde na Kimwani haukuwahi kukatwa na Ruvuma. Mapigano ya waasi yalipoanza kule Oktoba 2017, na hasa bandari ya Mocímboa da Praia ilipotekwa nao Agosti 2020, safari zetu zilidhoofika. Bandari hiyo ilikombolewa mwaka uliofuata, lakini manahodha wetu bado wanashukiwa kila wanapoonekana. Je, mikataba ya usalama wa bahari inawahusu, au ni ya meli kubwa tu?

Msomaji wa Ramani:
Kaka, mikataba ipo. Mpaka wa bahari kati yetu na Msumbiji uliafikiwa mwaka 1988. Mwaka 2012 nchi hizi mbili na Afrika Kusini zilikubaliana kushirikiana dhidi ya uharamia. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Tanzania ilitia saini Kanuni za Djibouti, makubaliano ya nchi za ukanda wetu wa Bahari ya Hindi dhidi ya uharamia, ambazo marekebisho ya Jeddah ya 2017 yalizipanua zihusu pia magendo ya silaha, dawa za kulevya na uvuvi haramu. Kasoro iko kwenye utambuzi: mtambo wa kujitambulisha (AIS), unaotangaza jina la meli na mahali ilipo, ni lazima kwa meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa kuanzia tani 300, kwa hiyo jahazi la mbao halionekani kwenye mfumo huo, na doria ikilikuta usiku haina namna ya kulitofautisha na chombo kilichobeba heroini.

Mvuvi wa Msimbati:
Hapo umegusa penyewe. Sisi tunakijua chombo kigeni kwa tanga lake na kwa mahali kinapotia nanga, mara nyingi kabla doria haijafika. Baada ya Kitaya, kijiji cha Mtwara kando ya Ruvuma, kushambuliwa na waasi hao Oktoba 2020 tulihimizwa kutoa taarifa, nasi tunatoa kwa moyo, kwa sababu waliouawa ni jirani zetu. Lakini taarifa hupanda juu tu. Hakuna anayerudi kutueleza kilichofuata.

Mwana wa Mikindani:
Shikamoo mzee wangu. Mwaka jana nahodha wetu aliandikishwa huku, abiria na shehena, kisha akazuiliwa siku mbili ng'ambo kwa kuwa orodha ile haikuwa imetumwa. Naomba jambo moja: orodha inayoandikwa gatini Mtwara ifike Palma kabla ya jahazi.