Colorado kwa gari, tukiwa na mama na watoto: tupite wapi, tujiandae vipi?

Kutoka Dallas

Assalaam aleikum na habari zenu wote.

Mwezi wa saba tunakusudia kwenda Colorado kwa gari: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama ana presha, anameza dawa kila siku, na mlima aliouzoea ni Lushoto tu, kwa dada yake. Mume wangu ni dereva mzuri, ila amezoea barabara za Texas zilizonyooka. Kuna mtu amenishauri tusilale hotelini, tukodi nyumba huko juu kabisa milimani tupike wenyewe. Wenyeji wa huko, naombeni mwongozo. Mama atahimili kweli?

Kutoka Aurora

Waaleikum salaam dada. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Njooni, na mje naye. Barabara zisikutishe, lami ni nzuri na alama zipo kila mahali. Kinachowashinda wageni wengi huku ni mwinuko, kwa sababu gari linakupandisha haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Denver ipo mita 1,609, juu kidogo tu ya Lushoto, kwa hiyo hapo mama hatasikia tofauti kubwa. Lakini ukitoka Denver kwa barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, baada ya saa moja na kitu unaingia handaki la Eisenhower, ambalo lipo mita 3,400 hivi. Ukipita Trail Ridge Road ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, unafika mita 3,713. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua maana yake: hicho ni kimo cha kambi ya Horombo, na wao hutembea siku mbili kufika pale ili mwili uzoee. Huku unafika umekaa kwenye kiti, mkononi una chai, na saa sita mchana haijagonga.

Kwa hiyo mpango wangu ungekuwa hivi. Dallas hadi Denver kwa njia ya Amarillo ni kama maili 800. Msizimalize kwa siku moja. Laleni Amarillo, kesho yake mpite Dalhart, Clayton, Raton, kisha muingie Colorado kwa I-25. Kati ya Dalhart na Raton miji imeachana sana, jazeni mafuta kabla taa haijawaka. Watoto wakichoka, kati ya Clayton na Raton kuna Capulin, volkano iliyozimika yenye umbo la koni safi kabisa, na gari linapanda hadi ukingoni mwa kreta.

Mkishavuka mpaka, angalieni pampu za mafuta. Colorado petroli ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni oktani (daraja la petroli) 85, sio 87 mliyoizoea Texas. Magari mengi ya sasa, kitabu chake kinataka isipungue 87. Mwambie shemeji asibonyeze kitufe cha kwanza kwa mazoea.

Mkifika, kaeni Denver au Aurora siku mbili kabla ya kupanda. Hizo siku hazipotei. Barabara ya Havana hapa Aurora ina maduka ya vyakula ya kila taifa, na migahawa ya Wahabeshi haiko mbali. Nyama ya halali, viungo na unga mnunue huku chini, kwa sababu kwenye miji midogo ya milimani hamtavipata kirahisi.

Sasa hiyo nyumba ya kukodi juu kabisa. Kwa mama, mimi nasema hapana. Miji ya kuteleza theluji kama Breckenridge ipo zaidi ya mita 2,900, na usiku ndipo mwinuko unapomtesa mgeni: hulali vizuri, unaamka kichwa kinagonga, pua imekauka. Chukueni nyumba Estes Park, ambayo ipo kama mita 2,300 na ndipo lilipo lango la hifadhi. Mchana mnapanda, usiku mnashuka kulala. Na mkipika maharage, ujue maji huku yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pale Breckenridge yanatokota kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, na maharage yanaweza kukaa jikoni mchana kutwa bado yakawa na kiini kigumu. Bebeni sufuria ya presha. Wali nao unataka maji zaidi na subira.

Trail Ridge Road ndiyo ningewapeleka kuliko pengine pote. Hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa karibu katikati ya Oktoba, theluji ikianza kuiziba. Kwa maili 11 unaendesha juu ya mstari wa mwisho wa miti. Hakuna tena msonobari, ni nyasi fupi, mawe na maua madogo ya manjano na zambarau yaliyolala chini kukwepa upepo. Msiwaache watoto wayakanyage, mimea ile huchukua miaka mingi sana kuota tena. Hata Julai upepo wa pale unapenya kanga mbili, mama avae sweta zito na soksi. Mkibahatika mtawaona elk, kulungu wakubwa wenye pembe zilizotanda, wamelala juu ya mabaki ya theluji kujipooza. Watoto wanapenda kuona pakiti zao za krispi zinavyovimba kadiri gari linavyopanda. Waonyesheni, ni somo zuri la hewa.

Ondokeni alfajiri. Julai na Agosti mawingu hujikusanya karibu kila siku baada ya saa sita mchana, na radi ya kule juu haina mti wa kupiga isipokuwa wewe uliyesimama. Ikifika adhuhuri muwe mmeshaanza kushuka. Mkisikia ngurumo mkiwa nje, ingieni kwenye gari mara moja.

Kuhusu kiingilio, hili msilipuuze. Miaka ya karibuni hifadhi hiyo inataka ukate mapema nafasi ya saa utakayoingia, kwenye tovuti ya recreation.gov wakati wa joto. Na tangu tarehe 1 Januari 2026, wasio wakaazi wa Marekani wenye miaka 16 na zaidi wanatozwa dola 100 kila mmoja juu ya kiingilio cha kawaida kwenye hifadhi 11, na Rocky Mountain ni mojawapo. Mama amekuja kwa viza ya matembezi, kwa hiyo linamhusu. Someni masharti ya pasi za mwaka kabla hamjalipa, na mbebe vitambulisho vya wote.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Shemeji asikae na mguu juu ya breki maili nzima. Gari la otomatiki nalo lina gia za chini: atafute L, au 2, au ile alama ya kujumlisha na kutoa, aache injini ilizuie gari. Mlima Pikes Peak, ambao nao una barabara ya gari, wakati wa kushuka walinzi wanasimamisha magari pale Glen Cove. Mmoja anainama, anaelekeza kipima joto kwenye gurudumu, anasoma namba. Breki zikiwa zimepata moto kupita kiasi, unaambiwa uegeshe pembeni mpaka zipoe. Ukishuka kwenye gari utazinusa mwenyewe. Na kwenye njia nyembamba ambapo magari mawili hayapishani, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda.

I-70 ikwepeni Ijumaa jioni kwa kupanda na Jumapili alasiri kwa kushuka, foleni yake inachosha wakubwa na watoto. Karibu na Idaho Springs kuna njia ya kulipia upande wa kushoto. Msiingie wala kutoka pale penye mistari isiyokatika, kamera zinawaona na faini inakuja kwa posta. Barabara ya E-470 pia haina kibanda cha kulipia, inapiga picha namba ya gari. Mkiwa na gari la kukodi, ulizeni mapema kampuni inaongeza ada gani juu ya tozo yenyewe.

Kutoka Fort Collins

Kaka wa Aurora amemaliza mengi. Mimi ni muuguzi, naongeza upande wa afya tu.

Dada, presha peke yake haimzuii mama kuja, mradi imedhibitiwa. Mpelekeni kwa daktari kabla ya safari na mseme wazi mnakwenda mita 3,700. Baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini, na hewa ya huku ni kavu mno, kwa hiyo daktari aseme anywe maji kiasi gani. Dawa zikae kwenye mkoba wake, sio kwenye buti la gari. Siku ya kwanza kule juu asitembee sana. Ashuke garini, aone, apige picha, arudi.

Kichwa kuuma kidogo na kichefuchefu ni kawaida, mkishuka kinatulia. Akianza kuhema akiwa amekaa tu, akachanganyikiwa, akayumba akitembea au akakohoa mfululizo, hapo hakuna kusubiri kesho. Shukeni na mpige 911.

Kubwa ninalotaka kila mmoja wetu humu alisome ni sikoseli. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila ruhusa ya daktari wake wa damu, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe zake hujikunja na kuziba mishipa. Wengi tunalijua hilo. Tusilolijua ni kwamba hata anayebeba kinasaba kimoja tu, mtu mzima wa afya ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata shida ya bandama akifika juu. Haitokei kwa wengi, lakini inatokea, na sisi tuliotoka ukanda wa malaria tunabeba kinasaba hicho kwa wingi. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, mara nyingi ndani ya saa chache au siku moja mbili baada ya kupanda. Watu hudhani ni gesi au chakula cha njiani, wanameza dawa ya tumbo na kuendelea na safari. Msifanye hivyo. Shukeni, nendeni hospitali, na mtamke mapema kwamba familia yenu ina asili ya Afrika na mnataka sikoseli izingatiwe, maana daktari wa mji mdogo wa milimani huenda asiifikirie.

Watoto wenu kama wamezaliwa Marekani walishapimwa damu walipozaliwa. Mpigie simu daktari wao wiki hii umuulize majibu yalikuwaje. Wewe na mumeo mliozaliwa nyumbani, kipimo ni cha damu kidogo tu.

Jua nalo ni kali huku juu. Ngozi nyeusi pia inaungua, na midomo inapasuka. Bebeni mafuta ya mgando na miwani.

Na kwa wanaodhani watu wa kwetu hawafai kwa milima hii: Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni 2011 na 2013, amefanya makao yake Longmont, karibu kabisa na hapa. Lakini yeye ametoka Iten, mita 2,400. Mama ametoka Tanga, usawa wa bahari. Mpeni muda.

Kutoka Greeley

Nami niongeze moja ambalo halijaguswa, na nawaomba wenye vijana walisikilize. Mtaona maduka ya bangi yamefunguliwa wazi Denver na miji mingine. Jimbo liliruhusu kwa kura ya 2012, na maduka yakaanza kuuza Januari 2014. Lakini sheria ya shirikisho haijaruhusu, na uhamiaji ni wa shirikisho. Asiye raia, awe na viza au kadi ya ukaazi, anaweza kukwama siku ya kuomba uraia au akirudi kutoka safari kwa sababu ya kukiri tu kwamba aliwahi kuvuta, hata kama alivuta mahali jimbo linaruhusu. Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku, na ukirudi nayo Texas ni kosa. Peremende na keki za bangi zinafanana kabisa na za watoto. Mkikodi nyumba, kagueni makabati na droo kabla ya watoto kuingia.

Mwenye kadi ya ukaazi atembee nayo; sheria inamtaka mtu mzima awe nayo mwilini.

Na anayesoma hapa akipanga kuja wakati wa baridi: kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, I-70 kati ya Morrison na Dotsero gari linatakiwa liwe na matairi yanayofaa theluji au minyororo. Faini inapita dola 130, na ukikwama ukaziba njia inapita dola 650. Kabla ya kuondoka fungueni COtrip, tovuti ya hali ya barabara za Colorado, muone barabara ipi imefungwa.

Kutoka Dallas

Mungu awabariki nyote. Nimemsomea mama, amecheka aliposikia Horombo. Daktari tunamwona Jumatatu, na ya damu ya watoto nimeshaulizia. Mume wangu anauliza, tukirudi tuna njia nyingine ya kupita isiyo ya juu sana, ambayo mama naye atafurahia?

Kutoka Aurora

Ipo. Mkifika Walsenburg kwenye I-25, kateni kulia kwa US 160 mwende Great Sand Dunes. Njiani kuna kipito cha kama mita 2,870, mtapita tu bila kulala. Kule Great Sand Dunes ni vilima vya mchanga mtupu chini ya milima mirefu, kilima kirefu kinapita mita 200. Nayo ni hifadhi ya taifa, ila haimo kwenye zile 11, kwa hiyo ile dola 100 ya mama haipo. Fikeni asubuhi na mapema, maana mchana wa kiangazi mchanga unafika nyuzi 65 na watoto wakivua viatu wataungua. Mama akae kivulini penye meza, awatazame wajukuu wakiteleza kwa mbao. Mbao zinakodishwa nje ya lango, na wawape zile za mchanga. Za theluji haziendi.

Mkifika Pueblo wakati wa kuja, nipigieni. Duka la nyama linafunga mapema Jumapili, nitawanunulia niwawekee.