Naomba ushauri: kugeuza picha za TIFF kuwa JPEG ili nipate nafasi

Mjukuu wa Nahodha: Ndugu wanajamvi, habari za kutwa. Nina kurasa zipatazo 1,500, za ukubwa wa A4, za madaftari ya marehemu babu, aliyekuwa nahodha wa jahazi na aliyeandika kwa herufi za Kiarabu. Niliziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na kuzihifadhi kama TIFF zisizobanwa, nazo zimekula GB 52 hata kompyuta imejaa pomoni. Nataka kuzigeuza kuwa JPEG kisha nifute za awali. Je, ubora niuweke kiwango gani?

Kapuku Halisi: Mkuu, nunua diski ya nje ulale usingizi.

Mama Wawili: Mpiga picha wa harusi yangu alinipa picha ndogondogo, akafuta kubwa, na nilipotaka kuchapisha moja ya kutundika sebuleni ilitoka na miraba usoni mwa bwana harusi. Vijana, tunzeni vitu vya wazee.

Karani Mstaafu: Kabla ya ubora, madaftari yenyewe yako wapi?

Mjukuu wa Nahodha: Yapo salama. Naomba tubaki kwenye swali.

Karani Mstaafu: Salama mikononi mwa nani? Jibu linategemea hapo.

Mjukuu wa Nahodha: Yako Maskati kwa ami yangu, ambaye hatusemezani naye tangu ugomvi wa mirathi. Isitoshe, daftari la kwanza nimeshaligeuza kwa ubora wa 60 na TIFF zake nimezifuta. Hata hivyo, nimezitazama kwenye simu na sikuona tofauti yoyote, kwa hiyo sidhani kama nimeharibu kitu.

Karani Mstaafu: Simu inakuonyesha ukurasa mzima kwa udogo, kuza neno moja uone. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa, na pale wino mweusi unapokutana na karatasi nyeupe huacha vivuli vya madoa. Katika hati ambayo ba, ta na tha hutofautishwa kwa nukta tu, doa si jambo dogo, hasa wino ukiwa umefifia.

Mtilia Shaka: Jamani, tunachezewa shere. A4 kwa dpi 600 ina pikseli milioni 35 hivi, na kila pikseli ya rangi ni baiti tatu, yaani MB 104 kwa ukurasa. Kurasa 1,500 zingefika GB 156, si 52. Huyu hana babu wala daftari.

Kapuku Halisi: Labda GB nyingine zimo kwenye mirathi.

Mjukuu wa Nahodha: Niliskani kwa kijivu, si kwa rangi, kwa hiyo ni baiti moja kwa pikseli. Piga hesabu tena.

Mtilia Shaka: MB 35 mara 1,500. Sawa, imekubali. Ila manahodha wengine walitumia wino mwekundu.

Mjukuu wa Nahodha: Vichwa vya safari ni vyekundu, lakini vinasomeka.

Karani Mstaafu: Basi zilizobaki zibane bila kupoteza kitu, ama kwa LZW, njia ya kubana ndani ya TIFF hiyohiyo, ama kwa PNG, aina nyingine ya faili la picha. Hazitapungua kama JPEG, kwa sababu chembe za karatasi kuukuu hazibaniki vizuri, lakini kila pikseli itarudi ilivyokuwa. Ukitumia amri ya mogrify ya programu ya ImageMagick kuzigeuza bila kutaja -format, yaani aina ya faili jipya, itaandika juu ya faili la asili, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye nakala. Zile JPEG usizihariri na kuzihifadhi upya, maana kila mara zitapoteza zaidi.

Mjukuu wa Nahodha: Nitatumia PNG. Daftari la kwanza halinisumbui sana, kwani ni la hesabu za shehena tu.

Karani Mstaafu: Katika tarakimu alizotumia babu yako, sifuri ni nukta.

Mjukuu wa Nahodha: Ami hatapokea simu yangu. Nitamwomba binti yake aliskani upya, safari hii kwa rangi.